Baba wa karatasi

Kaka yangu ana baba wawili. Wa kwanza ni huyu aliyetulea sote, mvuvi wa madema, mzaliwa wa Micheweni, Pemba. Wa pili ni rafiki yake wa bahari, Mgiriama, mtu mwema sana, ambaye siku moja mwaka 2006 alivaa shati lake la Krismasi, akaenda hadi ofisi ya serikali na kusema: huyu mtoto ni wangu. Kwa maneno hayo manne kaka alipata cheti cha kuzaliwa, akafanya mtihani wa darasa la nane, na alipotimiza miaka kumi na minane akapata kitambulisho cha Kenya. Nyumbani tulimwita yule mzee baba wa karatasi, na tulimwita hivyo kwa heshima. Karibu kila nyumba ya Wapemba kijijini kwetu ilikuwa na baba wa karatasi wake. Walioukosa msaada wa namna hiyo walikaa hivi hivi.

Mimi nilikuwa katika waliokosa.

Vijana wa jamii nyingine wakisikia kwamba nilikuwa katika kundi lililopigania Wapemba watambuliwe kuwa raia hapa Kilifi, pwani ya Kenya, huniuliza tulifanyaje. Huwa naona wanangojea habari za maandamano na hotuba. Hotuba tulizitoa, na siku mbili tatu tuliandamana pia. Lakini ugumu wenyewe haukuwa barabarani. Ulikuwa jikoni kwa mashangazi zetu, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu sisi tuliligundua tukiwa tumeshapoteza karibu mwaka mzima.

Nianze na ukosefu wenyewe, maana mtu mwenye kitambulisho mfukoni hajui ni milango mingapi kinamfungulia kwa siku moja. Mama yangu ni mama karanga. Alfajiri ananunua samaki ufuoni, mchana anawakaanga, jioni anauza. Wateja walimlipa kwa M-Pesa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani, kwa sababu huwezi kusajili laini bila kitambulisho. Siku moja wakagombana, ugomvi wa kawaida wa watoto kupigana. Jirani akaenda akaomba laini mpya ya nambari ile ile, akapewa, kwani kisheria ilikuwa yake, na mtaji wa mama wa miezi minne ukaondoka nayo. Mama hakwenda polisi. Angeulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa ameibiwa nini.

Babangu alivua bila leseni, kwa hivyo alivua kama mwizi. Boti ya doria ikionekana alizima taa na kuinamisha kichwa. Samaki wake hakuwauza mwenyewe. Tajiri mmoja aliwachukua kwa bei aliyoitaka yeye, akijua baba hana pa kwenda kulalamika. Mimi nilifika kidato cha pili. Fomu ya basari, yaani msaada wa karo, ilitaka nakala ya kitambulisho cha mzazi, na mzazi hakuwa nacho. Niliirudisha ile fomu tupu, na muhula uliofuata sikurudi.

Hayo yalitoka serikalini. Yaliyotoka kwa watu yaliingia ndani zaidi. Pwani hii Mpemba amewekewa jina la uchawi tangu sijui lini. Nikiwa darasa la sita msichana mmoja alizimia mstarini, na kabla mwalimu hajamfikia nilikuta wenzangu wameshasogea hatua mbili mbali nami. Hakuna aliyesema neno. Baada ya hapo nilijirekebisha. Nikajizoeza kusema "mkono" badala ya "nkono", "mtoto" badala ya "ntoto", kama tusemavyo nyumbani. Siku mwalimu alipopita na fomu akiuliza kila mmoja kabila lake, nilijibu kwa sauti ya juu kwamba mimi ni Mbajuni. Wahenga walisema Wapemba hujuana kwa vilemba. Sisi tulivivua, tukaviweka chini ya vitanda, na nasema kwa masikitiko kwamba nilikuwa hodari wa kuvivua kuliko wengi.

Oktoba 2016 tuliona kwenye televisheni ya dukani Wamakonde wa Kwale wakitembea kwa miguu kuelekea Nairobi. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wajukuu walikuwa bado hawana nchi. Walipokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri wapewe vitambulisho, na mwaka uliofuata wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Usiku ule wa Oktoba sikulala. Nilikuwa na miaka kumi na minane, umri ambao wenzangu wa shule walikuwa wakipanga foleni kupigwa alama za vidole. Mtu akiniuliza kampeni yetu ilizaliwa wapi, ilizaliwa pale dukani, tukiwa tumesimama nje kwa sababu ndani mlikuwa mmejaa.

Mwanzoni mwa 2017 tulikuwa kumi na mmoja. Wanane Wapemba, Wagiriama wawili, Mdigo mmoja. Wakili kijana kutoka Mombasa aliyekuwa akizisaidia jamii zisizo na uraia alikuja kutusikiliza, akasema jambo moja tu: hakuna ofisi itakayowapa chochote kama hamjui ninyi ni wangapi. Nendeni mkahesabu. Kila nyumba, nani alikuja mwaka gani, alishukia wapi, nani asiye Mpemba anayeweza kushuhudia.

Tukanunua daftari kubwa jekundu, tukagawana mitaa. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba. Nilichagua kwake nikidhani ndiko kwepesi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akanipa kigoda. Nilipofungua daftari akanyamaza. Akaniuliza jina lake nataka kulipeleka kwa nani. Nikamweleza haki, Katiba, Wamakonde. Akaninyang'anya kalamu, akaitia motoni, akaniambia, "Mwanangu, mie nimekaa nchi hii miaka hamsini kwa sababu jina langu halimo kwenye kitabu cha mtu. Wewe leo wataka kunitia?"

Nilitoka nikilia kwa hasira. Nilimwona mjinga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ameelimika sana, ila kwa shule nyingine. Alishakimbilia mikokoni na mtoto mgongoni wakati wa misako. Alishaona mumewe akitolewa kwenye matatu na kurudi siku ya nne bila viatu. Kila orodha aliyopata kuisikia maishani mwake ilikuwa ya kufukuzwa. Sisi vijana tulikwenda kwake na chombo kile kile kilichomtesa, halafu tukashangaa kwa nini hafurahi.

Nyumba nyingi zikawa hivyo. Mwaka mzima daftari letu lilikuwa na majina machache kuliko idadi ya vikao tulivyokaa. Baadhi ya wenzetu wakaanza kusema wazee ndio adui wa kampeni. Namshukuru sana yule Mdigo wetu, kijana mpole anayefundisha madrasa, kwa kukataa maneno hayo. Alitushauri tuache daftari nyumbani. Twende tumenye mihogo, tuparure samaki, tusikilize, tusiulize. Nilirudi kwa shangazi mara tano bila kalamu. Mara ya sita ni yeye aliyesema, bila mimi kumchokoza, "Sisi tulishuka mwezi wa tatu, baada ya Mapinduzi, chombo kilikuwa cha fulani na nahodha alikuwa fulani." Akaendelea mpaka adhana ya magharibi. Nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika aliniambia niandike, lakini niandike yote, na daftari likae kwake. Likakaa kwake. Mpaka leo nikishauri vijana wanaotaka kukusanya habari za watu wanaoogopa, huwaambia hilo la mwisho kabla ya mengine yote: daftari likae kwa wenyewe.

Wengine wakaanza kutoa walivyovificha. Mzee mmoja alikuwa na risiti ya kodi ya wakati wa Mwingereza, ameihifadhi ndani ya msahafu, kurasa za mwisho, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Alitupa tuishike kila mmoja wetu kwa zamu.

Katika kusikiliza huko ndipo tulipoijua historia yetu, na nikiri ilinibadilisha kuliko semina yoyote. Ukanda huu wa pwani, upana wa maili kumi, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa makubaliano naye tangu 1895. Mvuvi aliyetoka Pemba mwaka 1940 msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, akaja kupiga dago Kilifi, yaani kuweka kambi ya uvuvi ya msimu, hakuwa ametoka chini ya bendera ya Sultani. Ukanda uliingizwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ambaye chama chake kilipata nguvu zake huko huko Pemba. Halafu ikaja Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi, ila kwa wale waliokuwa wakiishi Kenya tangu kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea 12 Januari 1964. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwezi mmoja kamili, na ukoo wetu uliangukia upande wa pili wa mwezi huo. Babu alikuwa akija dago tangu miaka ya arobaini, anavua, anarudi. Alipowaleta mke na watoto wakae moja kwa moja, babangu akiwa na miaka mitano, mlango ulikuwa umeshafungwa kwa miezi mitatu, ingawa ungefungwa kwa wino miaka arobaini na saba baadaye.

Wapo pia waliokuja Januari 2001, walipokimbia mauaji ya kisiasa Pemba, zaidi ya 2,000 wakashukia Shimoni, Kwale. Tangu hapo kila Mpemba akaonekana mkimbizi, hata aliyezaliwa hapa na mama yake akazaliwa hapa. Na watu wengi hudhani kuzaliwa Kenya kunatosha kuwa Mkenya. Hakutoshi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye baba au mama yake ni raia.

Baba au mama. Tulilisoma neno hilo mara nyingi kabla halijatushtua. Jioni moja tukipitia daftari, msichana wa Kigiriama katika kundi letu akaanza kuweka alama pembeni ya kila mtoto ambaye mama yake si Mpemba. Alama zikawa nyingi. Wanaume wetu wameoa Wagiriama, Wadigo, Waswahili wa hapa, miaka mingi. Watoto hao walikuwa Wakenya tayari, kwa mama zao, bila amri ya mtu yeyote. Walikuwa wamekataliwa kwa sababu karani alitaka kitambulisho cha baba, na wao hawakujua kwamba cha mama kinatosha. Tulianza na hao. Tuliwasindikiza mmoja mmoja na nakala ya Katiba. Wengine walirudishwa mara nne, lakini wa kwanza alipotoka na karatasi yake ya kungojea kitambulisho, kijiji kizima kilikuja kuitazama. Naona hadi leo kwamba kosa kubwa la makundi kama letu ni kungoja mkono wa Rais kwa jambo ambalo sheria imeshalimaliza. Kati ya watu waliobaguliwa wapo ambao haki yao iko mezani tayari, imefunikwa tu, na ukiwachanganya wote katika kilio kimoja unawachelewesha hao bila kuwafaa wengine.

Huyo msichana wa Kigiriama nataka nimseme zaidi kidogo. Tukiingia ofisini pamoja, afisa alimwangalia yeye na kumwuliza yeye: hawa wanataka nini? Angeweza kujibu, na angejibu vizuri kuliko mimi. Kila mara alisema, "Muulize mwenyewe, yuko hapa," kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake mpaka afisa alazimike kunigeukia. Mara ya kwanza sauti ilinikwama. Mara ya nne nilikuwa naanza kusema kabla hajainamisha macho. Nimekutana na watu wengi wenye nia njema waliotusemea mpaka tukakaribia kuwa mabubu. Yeye alitupa uzito wa kuwapo kwake, akatuachia maneno.

Pigo kubwa tulilipata ufuoni. Tuliitisha mkutano na wavuvi wenyeji tuwaombe watuunge mkono, tukajitayarisha na vifungu vya Katiba, cha 27 juu ya ubaguzi na cha 53 juu ya haki ya mtoto kuwa na jina na uraia. Mzee mmoja wa Kigiriama akatuacha tumalize, akasimama. Akasema, "Ndugu zenu wanashusha ringineti, nyavu zile kubwa za kuzungusha, hapa kwenye mwamba wetu, wanabeba hata vifaranga vya samaki, kesho hawapo. Mimi nivue nini? Na bado mnataka wapewe kitambulisho?" Watu wakapiga makofi. Sisi tukarudia vifungu. Mkutano ukavunjika kwa matusi, na jiwe moja likapita karibu na kichwa changu.

Tuliporudi nyumbani wengi wetu tulisema wale ni wabaguzi, basi. Nami nilisema hivyo. Lakini usiku nilimwuliza baba, na baba, ambaye hakuwahi kugusa ringineti maishani mwake, akaniambia mzee yule amesema kweli nusu. Wako manahodha wetu waliokuwa wakiharibu. Sikupenda kulisikia. Mtu aliyedhulumiwa hupenda jamaa zake wote wawe wasafi, na wapinzani wake wote wawe hawana hoja. Ilitubidi tuyaache yote mawili.

Tulichofanya ni kwenda kwanza kwa manahodha wetu wenyewe. Ilikuwa kazi ya miezi, na nahodha mmoja alitufukuza kwa pondo. Kisha tukarudi kwa wenyeji, safari hii wazee wetu wakiwa mbele, na hoja tuliyokwenda nayo ilitoka kwa babangu. Alisema: anayevunja kanuni za bahari kwa sasa hamna la kumfanya, kwa sababu hayumo katika kitabu chochote. Vikundi vya usimamizi wa ufuo, BMU, vimewekwa na kanuni za 2007, vina orodha ya wanachama, vina faini, vinaweza kumzuia mtu asishushe nyavu. Lakini vinamwadhibu nani, ikiwa nusu ya watu walioko majini hawana hata jina? Mtieni mtu ndani ndipo mtaweza kumwambia hapana. Yule mzee wa ringineti hakupiga makofi. Aliuliza maswali, mengi, mpaka jua likazama. Wiki mbili baadaye alikubali kuwekwa kwenye daftari kama shahidi wa nyumba tisa, akitaja mwaka aliokutana na kila familia. Katika ushahidi wote tuliokusanya, wake ndio ulioheshimiwa zaidi, kwani kila mtu alijua mzee huyo hatupendi sana.

Mengine niyapite haraka. Tulifanya maigizo, watu walicheka, wakaenda zao. Tuliandaa mechi za mpira, na hizo zilisaidia kidogo, hasa kwa watoto. Tulichapisha tisheti, na pesa zilizokwenda huko zingelipia nauli za watu wengi kwenda ofisini. Mwaka 2019 serikali ilipowasajili watu kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, sisi tulikosa vyeti vya kuonyesha, na hofu ya mashangazi ikarudi upya, tukaanza tena kumenya mihogo. Siku ya Jamhuri 2020 Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kama wahubiri, wakapewa uraia. Tulifurahi kwa ajili yao na tukaumia, yote kwa pamoja.

Babangu alifariki mwaka 2021. Alivua miaka zaidi ya hamsini katika maji ya Kenya na hakuwahi kumiliki kipande cha karatasi chenye jina lake. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri. Baba wa karatasi alikuja, akaingia kaburini kumpokea, ingawa yeye ni Mkristo, na hakuna aliyemzuia.

Julai 2023, mjini Kilifi, Rais William Ruto aliwatambua Wapemba, watu wapatao 7,000, kuwa moja ya jamii za Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Yameandikwa mengi juu ya siku hiyo, sina la kuongeza juu ya hotuba. Mimi namkumbuka shangazi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari jekundu. Hakuna aliyelihitaji siku ile, orodha zilishachapwa kwenye kompyuta. Alilibeba tu. Alipoitwa kwa majina yake matatu hakuinuka. Nilidhani hakusikia. Akasema, "Waache waite tena." Wakaita tena ndipo akasimama.

Mama sasa ana laini yake. Ameiandika nambari kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa meza yake ya samaki, herufi kubwa kuliko bei. Wadogo zangu wako shuleni. Wenyeji wengine bado hutuita wageni, na mwaka jana mtoto wa binamu yangu alirudi nyumbani akilia kwa neno lile lile la uchawi lililoniliza mimi. Msichana wa Kigiriama na mimi tulikwenda hadi shuleni. Safari hii hatukuwa na kifungu wala tisheti, tuliomba tu saa moja ya kukaa na darasa, na mtoto mwenyewe akawasimulia babu yake alivyokuja na chombo. Walimu walituomba turudi.

Kaka yangu ndiye aliyebaki. Kitambulisho chake ni halali, ana kazi, ana mke. Lakini jina la tatu kwenye kitambulisho chake si la babetu, na katika daftari la Wapemba hayumo. Kwenye karatasi za nchi hii yeye na mimi si ndugu. Wanawe wameandikwa kwa ukoo usio wao. Yeye ambaye tulimwona mwenye bahati, aliyesoma, aliyepita kwenye vizuizi vya polisi bila jasho, leo ndiye asiye na mlango. Wakili alimweleza ukweli: kusahihisha kunaanza na kukiri kwamba taarifa ya kwanza haikuwa kweli, na kukiri huko kuna hatari zake. Wako wengi kama yeye pwani hii, na hawataki kuhesabiwa, kama shangazi alivyokuwa hataki. Tumeanza tena kwenda majumbani bila kalamu.

Mwezi uliopita nilimpelekea baba wa karatasi samaki. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilimweleza shida ya kaka, taratibu, nikichagua maneno asije akadhani tunamlaumu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikwenda nikasema ni wangu. Nikiambiwa niende niseme si wangu, nitakwenda, bora kuwe na mtu wa kunishika mkono. Lakini kamuulize yeye kwanza kama anataka."

Nimemuuliza. Kaka hajanijibu bado.